Mafuta yakimwagika Mikumi, nani atalinda mashamba ya Kilosa?

MKULIMA wa Kilosa akisikia habari za kumwagika kwa mafuta, mawazo yake huenda baharini kwenye meli, samaki na mikoko. Kumbe mafuta hayo hayaishii bandarini. Kila siku hupita ndani ya wilaya yake, mengine chini ya ardhi na mengine juu ya lami.

Chini ya ardhi lipo bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968. Lina urefu wa kilometa 1,710 kutoka Kigamboni, Dar es Salaam, hadi Ndola nchini Zambia, na hupita Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kwa miaka mingi lilipeleka mafuta ghafi katika kiwanda cha Indeni. Tangu mwaka 2023 linasafirisha dizeli, ambayo ni nyepesi kuliko mafuta ghafi na huenea upesi zaidi majini na katika udongo wa kichanga. Juu ya ardhi ipo barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ambayo hukatiza hifadhi kwa takriban kilometa 50 ikiwa na malori ya mafuta usiku na mchana.

Malori hayo ndiyo riziki ya mji wa Mikumi. Mama lishe, mafundi wa matairi, wenye nyumba za wageni na wauza matunda wote huishi kwa wasafiri. Lakini barabara inayoleta wateja ndiyo inayoweza kuleta janga.

Maji yanakokwenda

Mto Mkata hupita chini ya barabara hiyo, kisha huelekea kaskazini kwenye tambarare wanakonyweshea wafugaji mifugo yao. Maji yake huungana na ya Mkondoa na kuingia mto Wami, unaomwagilia mpunga wa Dakawa wilayani Mvomero. Mwisho wake ni Bahari ya Hindi, katika mikoko ya Saadani. Si lazima mafuta yafike mbali hivyo ndipo yalete hasara. Utando wa dizeli ukiingia kwenye mfereji mmoja wa umwagiliaji wakati mpunga umechanua, msimu umekwisha.

Kwa upande wa pwani, kazi ya kulinda ghuba huanza kabla ya ajali. Wataalamu huchora ramani ya maeneo yanayodhurika upesi, huamua lipi lilindwe kwanza, huweka vizuizi vinavyoelea karibu na mahali pa hatari, na kila mhusika hujua simu ya kwanza apigiwe nani. Utaratibu huo unafaa kwa bonde la mto vilevile. Badala ya mikoko na matumbawe, ramani ya Kilosa ingeonyesha visima, mabanio ya mifereji, malambo ya mifugo, madaraja na njia ambazo gari linaweza kupita wakati wa masika.

Chombo cha kuifanya kazi hiyo kipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Wilaya iliyoshuhudia mafuriko ya Mkondoa ya mwaka 2009 na 2010, yaliyobomoa hata reli, haihitaji kufundishwa maana ya kamati hizo. Kinachotakiwa ni mafuta kuingizwa katika orodha ya maafa, pamoja na mafuriko na njaa.

Funzo la Thange

Nchini Kenya, mwezi Mei 2015, bomba la mafuta lilivuja karibu na mto Thange, Kaunti ya Makueni. Wakulima waliotegemea mto huo walipoteza maji ya kunywa na ya kumwagilia. Ilipofika mwaka 2025, yaani miaka 10 baadaye, ndipo mahakama ilipoamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya. Hata mkulima mwenye haki hawezi kuishi miaka 10 bila mavuno.

Tanzania nayo, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inatambua kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Hata hivyo, anayedai lazima aonyeshe alikuwa na nini. Hivyo basi, mkulima atunze stakabadhi za mbegu, mbolea na vibarua, aandike tarehe ya kupanda na ukubwa wa shamba, na apige picha kwa simu. Vikundi vya umwagiliaji vipimishe maji yao yakiwa bado safi, na nakala ya majibu ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Mfanyabiashara naye aandike mauzo ya kila siku. Daftari la shilingi chache laweza kuokoa mtaji mzima.

Vifaa vingine vya kuzuia mafuta viko jirani. Sufi ya magodoro hunyonya mafuta na kukataa maji, hivyo magunia ya sufi yaliyofungwa pamoja yanaweza kuzuia utando kwenye mfereji. Mfereji mdogo unaweza pia kuzibwa kwa tuta la udongo lenye bomba lililolazwa kwa mshazari, mdomo wa kuingilia ukiwa chini. Maji hupita chini, mafuta hubaki juu yakisubiri kuvutwa. Sabuni isitumike, kwa sababu haiondoi mafuta bali huyasambaza ndani ya maji.

Kazi hizo zifanywe baada ya zimamoto kuruhusu. Petroli haichezewi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mpango wowote ni kukaa mbali, kuzima moto na sigara, kuzuia watoto na kupiga simu 114. Hatua ya pili ni kufunga mabanio ya mifereji iliyo chini ya mkondo.

Hatua hizo mbili hazina gharama, lakini zinahitaji watu waliokwisha kukubaliana nani afanye nini. Mkutano mmoja wa kijiji kabla ya masika unatosha kuanza. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta.