Utangulizi: Namba na Maandishi

Mifano mingi ya kitabu hiki cha kuandika programu kwa lugha ya Python imetoka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kwenye boti zinazopeleka wageni kisiwani Mnemba. Hesabu zake msomaji anazijua kabla hajagusa kompyuta: abiria wangapi, nauli kiasi gani, maji ya kunywa chupa ngapi.

Tuanze na watu chomboni. Nahodha anataka programu imuulize idadi ya abiria, kisha iongeze mabaharia wawili. Anayeanza huandika hivi:

abiria = input("Abiria wangapi? ")
print(abiria + 2)

Anajibu 4, anangojea 6, Python inagoma: TypeError. Wengi hudhani wamekosea hesabu. Hesabu haina kosa. Tangu Python 3 ilipotoka mwaka 2008, input hurudisha maandishi siku zote, hata ukiandika tarakimu tupu. Programu imeshika alama "4", siyo namba 4, na maandishi hayajumlishwi na namba. Rekebisha mstari wa kwanza kwa int, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili:

abiria = int(input("Abiria wangapi? "))

Namba yenye nukta, kama uzito wa pweza wa kilo 2.5, itahitaji float, maana int hukataa maandishi yenye nukta.

Wanafunzi huliogopa kosa hili; mimi nalipenda. JavaScript, lugha ya kurasa za mtandao, ingeziunganisha "4" na 2 kimyakimya ikatoa 42. Python, aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, hapo husimama na kukutajia mstari ilipokwama.

Lakini nayo haisimami kila mara. Nahodha yuleyule asahau int, kisha azidishe abiria wanne kwa chupa mbili za maji kila mmoja. Hapati onyo lolote. Kwa Python, kuzidisha maandishi ni kuyarudia, basi jibu ni 44, na dukani atanunua chupa 44 badala ya 8. Akizidisha kwa nauli ya 30000, skrini itajaa nne tupu, na hilo afadhali, maana ataliona. Hiyo 44 ndiyo hatari, kwa kuwa ina sura ya jibu.

Kwa hiyo aina za data nimeziweka sura ya kwanza, ingawa vitabu vingine huzipitia juujuu. Ukikwama, kabla hujabadilisha chochote andika print(type(abiria)): str ni maandishi, int ni namba kamili. Hesabu za shule ya msingi zinatosha humu. Karibu, fungua kompyuta tuanze.