Kwa Mashua Katika Ghuba ya Barafu

Ndugu msomaji, tuseme umepewa mashua yenye mashine, na ndani yake kitanda, jiko dogo na chakula cha siku saba. Tuseme tena ni mwezi wa Juni, nawe uko katika pwani ya Alaska, ile sehemu ya Marekani iliyo mbali sana kaskazini, ambako jua la mwezi huo hukaa angani saa 18 hivi kwa siku. Mbele yako ni Glacier Bay, yaani Ghuba ya Mito ya Barafu. Hakuna barabara ifikayo huko kutoka miji mingine. Watu huja kwa chombo cha baharini au kwa ndege. Haya, ng'oa nanga twende.

Lakini ngoja kwanza. Huko huingii kama mtu aingiaye sokoni. Toka tarehe 1 Juni mpaka 31 Agosti kila mashua ya mtu binafsi yapasa kuwa na kibali, na kwa siku moja haziruhusiwi zaidi ya 25. Kibali ni cha siku saba. Kabla ya kuingia utaita ofisi ya hifadhi kwa redio, kisha utakwenda Bartlett Cove, karibu na mlango wa ghuba, ukae kitako ufundishwe: wapi kuna nyangumi wengi, wapi pamefungwa, maji yanakwendaje. Usidhani ni maneno ya bure. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kufika mita 7. Ukitia nanga ovyo wakati maji yamejaa, utaamka na kuona mashua imelala ubavu juu ya mawe kama ng'ombe mgonjwa.

Sasa twende polepole. Sikiliza! Kabla hujaona kitu utasikia pumzi, kama mtu mkubwa apigaye chafya ndani ya pipa. Huyo ni nyangumi mwenye nundu. Mvuke wapanda juu, mgongo mweusi waonekana, kisha mkia mpana wainuka na kuzama bila kishindo. Majira ya baridi nyangumi hawa wengi huwa Hawaii, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapa, ambako huzaa na kula kidogo sana. Hapa Alaska ndipo penye meza yao. Humeza samaki wadogo kwa makundi mpaka mafuta yao yarudi.

Wewe uliye pwani ya Afrika Mashariki usijione mgeni kabisa wa habari hii. Nyangumi wa aina hiyo hiyo hupita karibu na Watamu, Unguja na Pemba toka Julai hivi mpaka Oktoba. Lakini hao ni wa kusini: hula katika bahari ya Antaktika, na huja kwetu kuzaa. Kwa hiyo katika miezi hiyo hiyo wale wa Alaska wako mezani, na wa kwetu wako uzazini.

Chini ya mkia kila nyangumi ana alama zake, nyeupe na nyeusi, zisizofanana na za mwingine, kama vidole vyetu. Kwa alama hizo wataalamu humjua kila mmoja. Palikuwa na jike mmoja aliyeitwa Snow, yaani Theluji, kwa ajili ya madoa meupe mkiani. Alijulikana ghubani toka mwaka 1975. Mwezi wa Julai 2001 alionekana akielea, amekufa. Fuvu lake lilikuwa limevunjika, maana meli kubwa ya watalii ilikuwa imemgonga; naye alikuwa na mimba. Mifupa yake ilisafishwa na kuunganishwa, na toka mwaka 2014 inatazamwa pale Bartlett Cove. Naomba uitazame kabla ya kuwasha mashine. Ndipo hutanung'unika ukiambiwa kwamba penye nyangumi wengi mwendo usizidi maili za baharini 13 kwa saa, wala usimkaribie nyangumi chini ya mita 460. Kwa kweli mtu mwenye haraka hana kazi huko.

Ukipita kwenye mwani utawaona fisi maji wa baharini wamelala chali, mama amemweka mtoto kifuani kama yuko kitandani. Zamani waliwindwa kwa ajili ya ngozi hata wakaisha pwani hii. Miaka ya 1965 mpaka 1969 watu waliwaleta wengine 400 hivi kutoka sehemu nyingine za Alaska. Wajukuu wao wakaingia ghubani miaka ya 1990, na kufika mwaka 2012 walikadiriwa kupita 8,000. Wavuvi hawafurahi wote, maana fisi maji ni mlaji hodari wa kaa na chaza.

Visiwa vya Marble utavijua kwa pua kabla ya macho. Simba wa bahari wanalala pale kwa mamia, wananguruma na kunuka samaki, na juu yao kwenye miamba wanakaa ndege weusi wenye uso mweupe na mdomo mnene wa rangi ya machungwa. Kaa mbali mita 90, inatosha kabisa!

Kadiri unavyokwenda ndani, miti inapungua, na mwisho unabaki mwamba mtupu. Sababu ni kwamba nchi hii ni changa. Mwaka 1794 mabaharia wa Kapteni Vancouver, Mwingereza, walipopita hapa, hapakuwa na ghuba ya kuingia, ila ukuta wa barafu karibu na mlango. Mwaka 1879 alikuja Bwana John Muir pamoja na mhubiri wa Kipresbiteri, Bwana S. Hall Young, katika mtumbwi ulioendeshwa na Watlingit, wenyeji wa pwani hii, na nahodha wao mzee Toyatte. Wakaona barafu imerudi nyuma kilomita 60 na zaidi. Jumapili mhubiri alitaka kupumzika kambini, na wapiga makasia nao, kwa ajili ya mvua na baridi. Muir peke yake akapanda mlima kutazama barafu. (Nani kati yao aliyeitunza siku vema, nakuachia wewe.) Siku hizi kutoka mlangoni mpaka ncha ya ghuba ni kilomita 100 hivi.

Huko mwisho zima mashine. Ukuta wa barafu wa Margerie unasimama baharini, una rangi ya samawati, na vipande vyake vikianguka vyalia kama radi. Mkono wa ghuba uitwao Johns Hopkins hutauingia mwezi wa Juni, maana umefungwa toka tarehe 1 Mei mpaka mwisho wa Juni. Sili huzaa humo juu ya barafu ieleayo, na mtoto akitupwa majini kwa hofu ya mashua huweza kupotewa na mama yake.

Barafu hiyo iliwahi kwenda mbele pia. Yapata miaka 270 iliyopita ilifunika makao ya Watlingit wa Huna, wakakimbia kuvuka mlango wa bahari. Baadaye barafu iliporudi, serikali iliifanya nchi yao kuwa hifadhi, mwaka 1925, na desturi zao nyingi zikakatazwa, hata kuokota mayai ya shakwe. Mwezi wa Agosti 2016 walirudi kwa mitumbwi, wakipiga makasia kutoka Hoonah, kufungua nyumba ya ukoo wao pale Bartlett Cove. Iko karibu na gati, ukirudi utaiona.

Siku yako ya saba ikifika, ita ofisi tena kwa redio, useme jina la mashua na kwamba unatoka. Yuko mwingine anayengoja nafasi yako.