Herufi Katika Kioo cha Kompyuta (Sehemu ya Pili): Mchoro Unapokutana na Pikseli

Sehemu iliyotangulia ilieleza kwamba fonti ya kisasa haihifadhi picha za herufi, bali huhifadhi mzingo wa kila herufi, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari iliyonyooka na iliyopinda, ili mchoro mmoja uweze kukuzwa au kupunguzwa kwa kadiri yoyote. Ugumu huanza mzingo huo unapotakiwa kuonekana kwenye kioo, kwa kuwa kioo kina pikseli tu, yaani vijiraba vya mwanga vilivyopangwa safu kwa safu.

Fonti nyingi za TrueType, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Apple na kutolewa mwaka 1991, huchorwa ndani ya mraba wenye vizio 2,048 kila upande. Maandishi ya pointi 12 yakioneshwa kwenye kioo chenye pikseli 96 kwa inchi, kila upande wa mraba huo hupata pikseli 16, hivyo kila pikseli hubeba vizio 128. Mguu wa herufi "m" wenye unene wa vizio 190 huhitaji takriban pikseli moja na nusu, na programu inayoijaza pikseli nzima au kuiacha nzima itaupa mguu mmoja pikseli moja na mwingine mbili, kutegemea ulipoangukia. Miguu mitatu iliyochorwa sawasawa hutoka ikichechemea, na katika Kiswahili, ambamo neno "mwanamume" pekee lina "m" tatu, kasoro hiyo haijifichi.

Dawa yake ni hinti, yaani maelekezo yanayofuatana na mzingo. Katika fonti za Type 1 za kampuni ya Adobe, hinti hutaja tu miguu na vimo vya kulindwa, na uamuzi huachiwa programu inayochora. Katika TrueType, hinti ni programu ndogo kamili, inayosogeza nukta moja moja hadi zikae kwenye mipaka ya pikseli. Kazi hiyo ni ya subira kubwa, na wanaoifanya hawajapewa heshima wanayostahili. Fonti ya Verdana ya mwaka 1996 inasomeka vizuri katika ukubwa mdogo kwa sababu Matthew Carter alianza na pikseli zenyewe, kisha akazizungushia mzingo, naye Tom Rickner akaandika hinti zake.

Baadaye zikaja mbinu za kutumia rangi ya kijivu kwenye kingo, na ile ya ClearType, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 1998, inayozitumia sehemu nyekundu, kijani na buluu za kila pikseli kana kwamba ni pikseli tatu. Vioo vya simu vyenye zaidi ya pikseli 300 kwa inchi vimepunguza tatizo, lakini kioo cha pikseli 96 bado kinalo. Kwa hiyo anayechagua fonti ya kusomwa na wengi aijaribu kwanza kwenye kioo cha namna hiyo, kwa maandishi madogo, kabla ya kuipitisha.