Uhuishaji na Uhariri wa Filamu: Anza na Fremu na Shoti

Mwanafunzi akiulizwa uhuishaji ni nini, mara nyingi hujibu kuwa ni katuni. Akiulizwa uhariri wa filamu ni nini, hujibu kuwa ni kuondoa sehemu mbaya. Majibu hayo yana ukweli kidogo, lakini hayamridhishi msahihishaji kwa sababu hayaelezi kazi yenyewe inafanyikaje. Kabla ya kukariri majina na miaka, elewa kwanza maneno mawili: fremu na shoti.

Fremu ni picha moja tuli katika mkanda wa filamu. Shoti ni mfululizo wa fremu zilizopigwa tangu kamera inapowashwa hadi inapozimwa, au sehemu ya mfululizo huo iliyobaki baada ya kukatwa. Tangu sauti ilipoingia katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ya kawaida ni fremu 24 kwa sekunde, hivyo shoti ya sekunde 5 ina fremu 120. Mhuishaji hufanya kazi kati ya fremu na fremu, na kinachozaliwa hapo ni mwendo. Mhariri hufanya kazi kati ya shoti na shoti, na kinachozaliwa hapo ni maana.

Neno uhuishaji linatokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai. Mhuishaji huchukua kitu kisichosogea, kama mchoro, kinyago cha udongo au kipande cha karatasi, akakipiga picha moja, akakibadilisha kidogo, akapiga nyingine. Picha hizo zikipita haraka mbele ya macho, tunaona kitu kinatembea. Vitabu vingi vya zamani hueleza kuwa hali hii hutokea kwa sababu picha hubaki machoni kwa muda mfupi baada ya kuondoka. Maelezo hayo peke yake hayatoshi. Kama picha zingebaki tu machoni, tungeona michoro iliyorundikana, si mtu anayekimbia. Ubongo ndio unaotafsiri tofauti ndogo kati ya picha mbili kuwa ni mwendo. Ukiulizwa swali hili, taja ubongo.

Mbinu ya kwanza ya kuijua ni michoro ya mkono. Mfaransa Émile Reynaud alionyesha michoro yake yenye mwendo jijini Paris tangu Oktoba 1892, akitumia mikanda aliyoipaka rangi kwa mkono bila kutumia kamera. Mwaka 1908 Mfaransa mwingine, Émile Cohl, alitoa Fantasmagorie, ambayo wengi huihesabu kuwa filamu ya kwanza ya katuni iliyochorwa yote. Ilikuwa na michoro takribani 700, na kila mchoro ulipigwa picha mara mbili. Piga hesabu: 700 mara 2 ni fremu 1,400. Kwa kasi ya fremu 16 kwa sekunde, iliyokuwa ya kawaida kwa filamu nyingi zisizo na sauti, unapata sekunde zipatazo 87. Kazi yote hiyo ni ya filamu isiyofika hata dakika mbili! Kupiga kila mchoro mara mbili kulipunguza kazi kwa nusu, na wahuishaji wanaifanya hivyo hadi leo: michoro 12 kwa sekunde badala ya 24.

Tatizo jingine lilikuwa mandhari ya nyuma. Winsor McCay alipotengeneza Gertie the Dinosaur mwaka 1914, miamba na miti ilibidi ichorwe upya katika kila karatasi, na alikuwa na msaidizi wa kazi hiyo. Mwaka huohuo Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika juu ya karatasi angavu za seluloidi. Mandhari huchorwa mara moja tu, mhusika huwekwa juu yake, na kinachobadilishwa ni kile kinachosogea. Uvumbuzi huu ndio uliowezesha studio kubwa kufanya kazi kama kiwanda. Usiuache ukiulizwa kuhusu maendeleo ya uhuishaji, maana ni muhimu kuliko tarehe nyingi ambazo watahiniwa hujaza.

Mbinu ya pili hutumia vitu halisi vinavyosogezwa kidogokidogo. Ladislas Starevich, akiwa Urusi, alitumia wadudu wakavu waliofungwa nyaya katika The Cameraman's Revenge mwaka 1912. Mbinu ya tatu ni ya vipande vilivyokatwa. Mjerumani Lotte Reiniger alikata vivuli vya karatasi kwa mkasi na kutengeneza The Adventures of Prince Achmed, filamu ndefu iliyotoka mwaka 1926 baada ya kazi ya miaka mitatu hivi. Wazo hilo la viungo vinavyosogezwa kimoja kimoja sasa linafanyika kwenye kompyuta pia. Kipindi cha watoto Tinga Tinga Tales, kilichohuishwa Nairobi na kuanza kurushwa mwaka 2010, kilitumia wahusika wenye sura ya michoro ya Tingatinga ya Tanzania. Mbinu ya nne ni ya maumbo ya kompyuta yenye kina; Toy Story ya mwaka 1995 ndiyo filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote hivyo.

Sasa tuje kwenye uhariri. Filamu ambazo ndugu Lumière walizionyesha Paris tarehe 28 Desemba 1895 zilikuwa na shoti moja moja, kila filamu kama sekunde 50. Hapakuwa na cha kuhariri. Hata hivyo, mwaka huohuo nchini Marekani, kampuni ya Edison ilikuwa imetoa filamu fupi ya kukatwa kichwa kwa Malkia Mary wa Scotland. Kamera ilisimamishwa, mwigizaji akaondoka, mwanasesere akawekwa mahali pake, kamera ikaendelea. Georges Méliès aliifanya hila hiyo kuwa sanaa kuanzia mwaka 1896, lakini usiandike kuwa yeye ndiye wa kwanza. Uchunguzi wa mikanda yake umeonyesha pia kuwa hakutegemea kusimamisha kamera tu: alikata mkanda na kuubandika ili mabadiliko yasionekane yanaruka. Hapa ndipo uhuishaji na uhariri vilipokutana, kwenye fremu moja iliyokatwa.

Mfano ninaowasisitizia wanafunzi wangu zaidi ni Life of an American Fireman ya Edwin S. Porter, mwaka 1903. Mzimamoto anamwokoa mama na mtoto wake kwenye nyumba inayoungua. Tunauona uokoaji wote tukiwa ndani ya chumba, kisha tunauona tena, tangu mwanzo, tukiwa nje ya nyumba. Kwetu ni ajabu, kwa watazamaji wa wakati ule haikuwa kosa. Baadaye lilisambaa toleo ambalo mtu alilikata upya, likapishanisha ndani na nje, na kwa miaka mingi baadhi ya wanahistoria waliamini kuwa Porter alikwishaijua mbinu hiyo. Nakala ya karatasi iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani ndiyo iliyoonyesha mpangilio wa awali. Unaona basi: shoti ni zilezile, lakini kubadili mpangilio kumebadili hata historia ya sinema.

Kupishanisha kulikomaa mikononi mwa D. W. Griffith. Katika The Lonely Villa, mwaka 1909, wezi wanavunja mlango, mama na watoto wanarudi nyuma, baba yuko mbali anakimbilia nyumbani. Griffith anatupeleka huku na huku. Matukio matatu, mahali patatu, wakati mmoja. Hofu ya mtazamaji inatokana na kupishana kwa shoti.

Baada ya Mapinduzi ya 1917, Warusi walikwenda mbali zaidi. Lev Kuleshov alieleza jaribio ambalo uso uleule wa mwigizaji uliunganishwa na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kuwa watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa, ilhali uso haukubadilika. Sergei Eisenstein akaona kuwa shoti mbili zikigongana huzaa wazo la tatu. Tazama ngazi za Odessa katika Battleship Potemkin ya mwaka 1925: kuteremka kwa askari kunachukua muda mrefu kuliko ambavyo ngazi zenyewe zingeruhusu. Wenzetu hawa walihariri hata muda.

Vifaa tuvitaje kwa kifupi: mkasi na gundi, mashine ya Moviola kuanzia mwaka 1924, na kompyuta kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980.

Swali linalowatatiza wengi ni hili: "Kwa nini filamu ya uhuishaji huhaririwa kabla ya kutengenezwa?" Jibu limo katika hesabu tuliyoifanya. Mwongozaji wa filamu ya waigizaji anaweza kupiga saa nyingi kisha akabakiza mbili. Mhuishaji akitupa sekunde 10, ametupa michoro 120 au 240. Ndiyo maana studio ya Walt Disney, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilizoea kubandika ukutani michoro ya rasimu ya filamu nzima, ikaipanga na kuiondoa hapo kabla ya kazi kubwa kuanza. Katika jibu lako weka sababu ya gharama, kisha njia, kisha mfano wenye tarakimu.

Jaribu sasa bila kutazama juu. Shoti ya uhuishaji ina urefu wa sekunde 8 na kila mchoro umepigwa mara mbili: ina michoro mingapi? Kisha eleza, kwa kutumia filamu ya Porter na ile ya Griffith, jinsi kupishanisha shoti kunavyobadili uelewa wa mtazamaji kuhusu wakati.