Kumpeleka Mtoto kwa Mshauri Ambaye Bado Anasoma: Je, Inafaa?

SWALI: Binti yangu anaishi Marekani. Mumewe alifariki mwaka uliopita, na tokea hapo mjukuu wangu wa miaka 13 hazungumzi, halali usiku, na skuli haendi ila kwa kusukumwa. Washauri wa kulipa wanataka dola 150 kwa kikao kimoja, naye hana uwezo huo. Skuli imemuelekeza kwenye kliniki ya chuo kikuu ambako wanafunzi ndio wanaozungumza na watoto, kwa bei ndogo. Huku nyumbani tumegawanyika. Wapo wanaosema mtoto atafanywa wa kujifunzia, wapo wanaosema siri za nyumba zitatoka, na wapo wanaosema asomewe tu inatosha. Nimwambie nini?

JIBU: Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Mama yetu, tunamuomba Allah amrehemu marehemu na awape subira. Suala hili tumeulizwa na zaidi ya familia moja yenye watoto nje, kwa hiyo tutalieleza kwa urefu kidogo.

Huzuni ya mtoto ina haki yake

Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege akikichezea, kikafa. Mtume (S.A.W.) alipomuona kijana yule amenyong'onyea, hakumkemea wala hakumwambia ajikaze. Alimuuliza habari za ndege wake. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim. Ikiwa huzuni ya mtoto kwa ndege ilipewa nafasi, huzuni ya kufiwa na baba inastahiki zaidi.

Mabedui nao walimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo wajitibu, akawaamrisha watafute dawa. Maulamaa wetu hawakulifunga jambo hili kwenye homa na majeraha tu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza hofu, hasira, huzuni na wasiwasi na namna ya kuzitibu.

Kliniki hizi ni kitu gani?

Chuo kikuu kinachosomesha saikolojia au ushauri nasaha huwa na mahali pake pa mazoezi, kama chuo cha udaktari kinavyokuwa na hospitali. Si jambo jipya. Mwaka 1896 Lightner Witmer alifungua kliniki ya namna hii katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mtu wa mwanzo kuhudumiwa alikuwa mvulana aliyeletwa na mwalimu wake kwa kuwa alishindwa kuandika maneno kwa usahihi.

Wanaohudumu ni wanafunzi wa shahada ya uzamili au ya uzamivu. Malipo ni madogo kwa sababu chuo kinahitaji mahali pa kufundishia, na kliniki nyingi hupanga bei kwa kuangalia kipato cha familia. Kwanza mzazi huhojiwa. Kisha mtoto huonana na mshauri mara moja kwa wiki, kwa kiasi cha dakika 50. Wadogo huzungumza kwa michezo na michoro, wakubwa kwa maneno, na mzazi huitwa kila baada ya muda.

Je, huku si kumfanya mtoto wa majaribio?

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Imepokewa na Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa kazi hiyo, dhamana ya madhara ni yake. Ibn al-Qayyim aliifafanua Hadithi hii kwa urefu, akamtenganisha tabibu mjuzi anayeipa kazi haki yake na mjinga anayejidai.

Mwanafunzi akiwa peke yake, angeingia kwenye hatari hiyo. Lakini katika kliniki hizi kila mwanafunzi yuko chini ya msimamizi mwenye leseni, anayepitia kazi yake kila wiki na ndiye mwenye kubeba dhamana. Ni kama chuoni kwetu: mwanafunzi mkubwa huwasomesha wadogo juzuu, na mwalimu yupo pembeni anasikiliza. Kosa likitokea linashikwa papo hapo. Basi hukumu inamfuata msimamizi. Akiwepo, inafaa. Asipokuwepo, mtoto asikabidhiwe, hata ikiwa ni bure.

Siri za nyumba

Vikao vingi hurekodiwa ili msimamizi avipitie, na mzazi hutakiwa kutia saini kwanza. Asitie saini kabla hajauliza nani ataangalia na lini kitafutwa. Siri ina mipaka yake pia: mtoto akisema anataka kujidhuru, au anadhulumiwa, mshauri analazimika kuchukua hatua. Huko ni kulinda uhai, si kufichua aibu.

Kuhusu hofu ya kusengenya, Imam Nawawi ametaja sehemu sita ambazo kumtaja mtu kunaruhusiwa kwa haja ya kisheria, ikiwemo kutafuta fatwa na kuomba msaada wa kuondoa dhulma. Mtoto anayeeleza yanayomuumiza ili asaidiwe, kwa kiasi cha haja, hasengenyi.

Dini na sitara

Mtume (S.A.W.) katika Hijra alimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, ilhali hakuwa Muislamu, kwa kuwa alikuwa mjuzi na muaminifu. Wanachuoni wamechukua humo dalili ya kumtegemea asiyekuwa Muislamu katika ujuzi wake. Mzazi aseme mapema: sisi ni Waislamu, tunaswali, tunafunga, na mafunzo ya dini tunayatoa wenyewe. Msichana aliyebaleghe aombewe mshauri mwanamke, na mvulana mwanamume inapowezekana.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuanza

- Msimamizi ni nani, na leseni yake ni ya kazi gani?
- Mwanafunzi huyu atabaki muda gani? Wanafunzi humaliza masomo wakaondoka. Mtoto aliyefiwa asije akaachwa ghafla mara ya pili. Aagwe na akabidhiwe vizuri.
- Wakati wa likizo za chuo, mtoto ataonana na nani?
- Foleni ni ya muda gani? Kliniki hizi si za dharura. Kwa dharura ya kujidhuru, Marekani kuna namba 988 tangu mwaka 2022.

Je, kusomewa hakutoshi?

Asomewe, na mama yake amuombee dua. Kisomo na tiba havipingani. Lakini kumpiga mtoto, kumfunga au kumfukiza moshi kwa jina la kisomo ni kumdhuru, na sheria yetu imekataza madhara.

Kwa sisi tuliopo visiwani

Mizani ni hiyo hiyo. Mtoto wako akihudumiwa na mwanafunzi hospitalini, uliza msimamizi wake. Kidongo Chekundu ni hospitali kama nyengine. Tumeligeuza jina lake kuwa tusi, na tusi hilo ndilo linalowafungia wagonjwa majumbani. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila ya malipo. Na mtoto aliyedhalilishwa apelekwe Kituo cha Mkono kwa Mkono, asifanyiwe suluhu ya kifamilia.

Kwa ufupi, mama yetu: mwambie binti yako ampeleke, kwa sharti awepo msimamizi, siri ilindwe na dini iheshimiwe. Nawe mpigie simu mjukuu wako na umtaje baba yake kwa wema. Watu wazima huacha kulitaja jina la maiti wakidhani wanampumzisha mtoto, naye huona ameachwa peke yake na msiba.

Allah awaponye watoto wetu na awape faraja. Wallahu a'lam.