Nani Alipie Shule ya Vidudu? Maelezo kutoka Juba



Wengi wetu hapa Juba huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Aliye na mtoto wa miaka minne ana njia tatu. Amwache kwa jirani, amwachie dada yake ambaye naye yapasa awe darasani, au ampeleke shule ya vidudu na kulipa karo. Twataka kueleza karo hiyo yatoka wapi, na kwa nini fedha za serikali haziifikii shule hiyo ijapokuwa sheria yaitambua.

Tuanze na sheria. Sheria ya Elimu ya Jumla ilipitishwa mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru. Iliweka miaka 2 ya elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza, ikifuatwa na miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari. Kwa karatasi, basi, mtoto wako anahesabiwa. Lakini Katiba ya Mpito ya 2011 inaposema elimu iwe ya lazima na bila malipo, inasema elimu ya msingi. Na Februari 2023, Rais Salva Kiir alipotangaza shule za serikali kuwa bure, alitaja za msingi na za sekondari. Watoto wadogo wamebaki nje ya mlango. Ndiyo maana shule nyingi za vidudu mjini ni za makanisa, za watu binafsi, au za jumuiya zilizojijengea chini ya mabati, na mzazi ndiye hazina.

Sasa tufuate fedha. Mshahara wa mwalimu wa serikali hutoka hazina ya taifa, hupitia jimbo, ndipo hufika kaunti. Hazina hiyo hutegemea mafuta karibu kwa kila kitu. Januari 2012 visima vilifungwa kwa sababu ya ugomvi na Khartoum juu ya malipo ya bomba, vikafunguliwa 2013. Februari 2024 bomba kubwa likapasuka upande wa Sudan katikati ya vita, na watumishi wa serikali wakakaa miezi mingi bila mshahara. Kati ya hayo mawili, Disemba 2015, serikali iliiachia paundi ielee, na dola 1 ikaruka kutoka karibu paundi 3 hadi zaidi ya 18. Mshahara sokoni haukununua kitu. Kuanzia 2017 Umoja wa Ulaya ulilipa dola 40 kwa mwezi ili walimu wasiache kazi, nao walikuwa walimu wa shule za msingi. Ikiwa mwalimu wa darasa la nne alihitaji kuokolewa namna hiyo, nani angemkumbuka yule wa vidudu?

Kwa hiyo twageukia serikali za mitaa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 iliyapa mabaraza uwezo wa kutoza kodi na ushuru wao wenyewe. Kila anayepanga nyanya Konyo Konyo au kuuza mkaa soko la Jebel anaujua ushuru huo, maana mkusanyaji hakosi siku. Fedha hizi hazingoji bomba. Lakini zina walaji wengi: takataka, mitaro, masoko, mishahara ya ofisini. Kazi isiyokuwa na fungu lake katika makisio ya mwaka hupewa makombo.

Kenya walilitatua jambo hili kwa kuliandika. Katiba yao ya 2010 yasema waziwazi kwamba elimu ya awali na malezi ya watoto ni kazi ya kaunti, na kwamba kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tangu 2013 kaunti zimeajiri walimu wa nasari ambao zamani wengi wao walilipwa na wazazi. Hatusemi kila kitu ni kizuri huko: walimu hao wamelalamika mara nyingi juu ya mikataba mifupi na mishahara midogo. Lakini mzazi anajua mlango wa kubisha. Tanzania wao waliingiza darasa la awali ndani ya shule ya msingi, na tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada. Watoto walifurika, na mahali pengi mwalimu mmoja alijikuta na darasa lisilotazamika.

Hapa ndipo swali la ubora linapoingia, nalo kwetu ni hasa swali la lugha. Sheria ya 2012 yataka mtoto wa awali na wa madarasa matatu ya kwanza ya msingi afundishwe kwa lugha ya mahali pake. Si wazo geni. Mwaka 1928, hapa Rejaf, kando ya Nile, mkutano wa wakoloni na wamisionari ulichagua lugha za kuandikia vitabu vya shule za msingi, zikiwamo Bari, Dinka, Nuer, Shilluk, Latuko na Zande. Leo, karibu miaka mia baadaye, shule za kulipia huuza Kiingereza kwa sababu sisi wazazi ndicho tunachokitaka, na mtoto anaimba herufi za maneno asiyoyajua. Anaweza kuimba mpaka Z bila kusoma neno moja. Mtoto anayelijua jina la kitu kwa Kibari au Kiarabu cha Juba, kisha akaonyeshwa herufi za jina hilo, hushika mapema, na Kiingereza hukifuata baadaye. Kwa hilo hahitaji jengo la ghorofa. Anahitaji mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo, vitabu vidogo vya lugha yake, choo, maji, na uji wa saa nne.

Wenzetu wa mashamba ya chai na mkonge watasema kwao mwajiri huweka chumba cha watoto. Ni vizuri, tena chama kisikiache katika mapatano. Ila yaya anayelinda watoto hamsini wasianguke mtaroni si mwalimu, wala hakuajiriwa awe mwalimu.

Matawi yetu yana haki ya kuuliza kabla makisio ya mwaka ujao hayajapitishwa. Katika ushuru uliokusanywa Juba, Kator na Munuki, ni paundi ngapi zimetengwa kwa elimu ya awali? Zimeandikwa katika fungu gani, na nani atie sahihi zitoke? Mwalimu wa vidudu yumo katika orodha ya mishahara ya nani? Wajumbe waulize kwa barua, nakala ibaki ofisi ya tawi, na jibu lisomwe mbele ya wanachama.