Barua rasmi kwa asiyeona: kompyuta haisemi mpaka iulizwe (Sehemu ya 3)

Katika makala iliyopita tulieleza kisoma skrini ni nini na jinsi kinavyomsomea kwa sauti mtu asiyeona yale anayoyaandika. Tulikubaliana kwamba akishaizoea kibodi, kuandika maneno si kazi. Kazi ni umbo la barua. Barua rasmi huhukumiwa kabla haijasomwa: karani wa masjala akikuta anwani imekaa ovyo, au kichwa cha barua hakijapigiwa mstari, ameshamkadiria mwandishi kabla hajafika penye "Husika na somo tajwa hapo juu".

Wengi hulimaliza jambo hili kwa kumpa jirani wa mezani "aiweke sawa". Mimi siupendi utaratibu huo. Barua ya kuomba uhamisho au ya kumlalamikia mkuu wa idara haifai kupita mikononi mwa mtu wa tatu kabla ya kumfikia mwenyewe.

Ajabu ni kwamba mashine ya chapa ilianza kwa karibu sana na wasioona. Miongoni mwa barua kongwe zilizobaki za kupigwa kwa mashine ni zile za Carolina Fantoni, mwanamke wa Italia asiyeona, ambazo zinaanzia mwaka 1808. Mashine yake alitengenezewa na Pellegrino Turri. Na taipureta zilizokuja baadaye zilikuwa na adabu ya kumjulisha mpigaji. Kengele ililia mstari ulipokaribia kuisha. Ukitaka kichwa kikae katikati, ulisogeza roli hadi katikati ya karatasi, ukarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi mbili, kisha ukaanza kupiga. Mkono ulijua kila kitu kilipo.

Kompyuta inajua mengi kuliko taipureta, ila haisemi mpaka iulizwe. Kisoma skrini husoma maneno. Ukipita mstari kwa mstari, nafasi moja na nafasi thelathini husikika sawasawa, yaani hazisikiki. Hapo ndipo mkono wa taipureta unapomponza mtu. Anabonyeza kitufe cha nafasi mpaka anwani isogee kulia, anaridhika, kisha faili linafunguliwa kwenye kompyuta nyingine yenye fonti tofauti na anwani inayumba kila mstari kivyake.

Basi tuichukue anwani ya mwandishi, ile ya juu kulia, tuipange vizuri. Ninatumia Word na kisoma skrini cha NVDA, ambacho ni cha bure. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye mwenyewe haoni. Usibonyeze Ctrl na R, kwa sababu amri hiyo hulinganisha mwisho wa mistari upande wa kulia na kuacha mianzo yake imepishana. Bonyeza Ctrl na M mara saba. Kila mara aya nzima husogea sentimita 1.27. Ukijumlisha na pambizo la kushoto la sentimita 2.54, anwani itaanza kama sentimita 11.4 kutoka ukingo wa karatasi, yaani kupita nusu kidogo, kwa kuwa A4 ina upana wa sentimita 21. Unataka uhakika? Bonyeza Insert na Delete ya upande wa tarakimu. NVDA itakutajia umbali wa kishale kutoka ukingo wa kushoto na wa juu wa ukurasa, kwa sentimita au kwa inchi kulingana na mipangilio ya Word.

Kuna mtego mwingine usiosikika. Tangu toleo la 2007, Word yenyewe huongeza nafasi baada ya kila aya. Ukibonyeza Enter baada ya jina, tena baada ya S.L.P., tena baada ya mji, anwani inatawanyika huku masikio yakikuambia kila kitu ni shwari. Tumia Shift na Enter: mstari unakatika lakini aya inabaki moja. Enter iache mpaka anwani iishe.

Kichwa cha barua ni rahisi. Ctrl na E kwa katikati, Ctrl na B kwa herufi nzito, Ctrl na U kwa mstari wa chini. Ukimaliza, weka kishale juu ya neno "YAH" na ubonyeze Insert na F. Utatajiwa fonti, ukubwa wake, na kama ni nzito au imepigiwa mstari. Kisoma skrini cha JAWS nacho hutumia vitufe hivyohivyo. Usiendelee na aya ya kwanza kabla ya kuzima herufi nzito, mstari wa chini na mpangilio wa katikati, la sivyo barua nzima itapiga kelele.

Kabla ya kuchapisha, uliza ukubwa wa karatasi. Kompyuta nyingi huja zimepangwa kwa karatasi ya Marekani, fupi kuliko A4 kwa karibu sentimita 2, na hakuna sauti itakayokuonya. Bonyeza Alt, kisha P, S, Z, uchague A4. Kama ofisi ina karatasi zenye nembo, mwombe mtu akupimie kwa rula nembo inaishia wapi, uongeze pambizo la juu kiasi hicho. Kisha hifadhi yote kama kiolezo, usirudie hesabu hizi kila barua.

Lugha nayo ina kero yake. Word ikidhani unaandika Kiingereza, kila neno la Kiswahili huhesabiwa kosa na NVDA hukuzomea kwa mlio kila unapomaliza neno. Chagua maandishi yote, ubadilishe lugha ya kusahihishia iwe Kiswahili. Sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA inacho Kiswahili pia. Ni kavu, lakini haitamki "Ndugu" kama Mzungu aliyeshuka jana.

Sahihi haiwekwi na kompyuta. Tafuta kadi ngumu, ukate dirisha la urefu wa jina lako, na mtu akuonyeshe mara moja pa kuiweka. Au acha mistari minne mitupu juu ya jina na cheo, ukunje karatasi kidogo hapo, ili kidole kikute kunjo na kalamu ifuate.

Toleo lijalo: majedwali, na kwa nini mihtasari ya vikao huwashinda wengi.